Kingston, Mji wa Mawe Penye Ukingo wa Ziwa Ontario

Wasafiri walio wengi wapitao katika jimbo la Ontario hutoka Toronto, jiji kubwa la biashara, wakaelekea Montreal, ambako Kifaransa ndicho kitawalacho sokoni na majumbani, na katikati ya safari hiyo garimoshi husimama kwa dakika chache katika kituo kilicho mbali kidogo na makazi ya watu, likateremsha wanafunzi na mizigo yao, kisha likashika tena njia yake. Kituo hicho ni cha Kingston. Mimi niliteremka pale kwa makusudi, katika majira ya kupukutika majani, kwa kuwa nilikuwa nimesoma zamani kwamba mji huu, ambao leo wakazi wake ni kadiri ya watu 132,000, ndio uliokuwa makao makuu ya kwanza ya serikali ya Kanada ya Juu na Kanada ya Chini zilipounganishwa mwaka 1841. Nami nilikuwa na shauku ya kujua mji huwa na tabia gani baada ya kupewa ukuu, ukajenga kwa ajili ya ukuu ule, na kabla ya chokaa ya kuta zake kukauka sawasawa ukapokonywa.

Jambo la kwanza linalomdhihirikia mgeni ni mahali penyewe. Ziwa Ontario, ambalo eneo lake halifiki theluthi moja ya Ziwa Viktoria, ingawa kina chake hushuka mpaka mita 244, yaani takriban mara tatu ya kina cha ziwa letu, humalizikia hapa. Na hapa hapa Mto St. Lawrence huanza safari yake ya kuiendea Bahari ya Atlantiki, ukipita katikati ya visiwa viitwavyo Visiwa Elfu, ambavyo kwa kweli hesabu yake imeipita elfu kwa mbali. Kutoka kaskazini huteremka mto mwingine, Cataraqui, ukamwagika katika bandari. Mtu akisimama ufukoni asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka, hawezi kusema kwa yakini ziwa limeishia wapi na mto umeanzia wapi. Lakini mara moja hufahamu kwa nini kila dola iliyotaka kuyatawala maziwa yale ilitaka kwanza kupamiliki mahali hapa, kwa sababu ayashikaye makutano hayo ya maji ameshika ufunguo wa bara zima la ndani.

Jambo la pili ni mawe. Udongo wa Kingston ni mwembamba, na chini yake limelala jiwe la chokaa la rangi ya kijivu, lenye rangi ya samawati kidogo linaponyeshewa mvua, nalo huchimbwa pale pale na kuchongwa pale pale. Kama vile Mji Mkongwe wa Unguja ulivyotolewa katika matumbawe ya kisiwa chake, ndivyo mji huu ulivyotolewa katika mwamba wa miguuni pake: makanisa, mabenki, maghala, shule, nyumba za matajiri na nyumba za mafundi, gereza na ngome, vyote ni jiwe moja. Mwaka 1840 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mji iliyokuwa karibu na bandari, na tangu hapo watu wakazidi kuiacha mbao na kulielekea jiwe, hata mji ukapata lakabu ya Mji wa Mawe ya Chokaa, ambayo wenyeji wanaitaja kwa fahari isiyokuwa na makeke.

Lakini kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, mahali hapa palikuwa na wenyewe. Walikuwapo Wahuron-Wendat, na Wahaudenosaunee ambao Wafaransa waliwaita Iroquois, na Waanishinaabe, kila kaumu kwa zamani zake, wakivua samaki na kukutana kwa biashara na kwa masharti ya amani. Mwezi wa Julai mwaka 1673, Gavana wa Wafaransa, Count Frontenac, alikuja na msafara mkubwa wa mitumbwi, akafanya mkutano na wakuu wa Wairoquois, na huku mkutano ukiendelea watu wake wakawa wanasimamisha boma la magogo, ambalo lilikusudiwa kuyavuta manyoya ya beva yasiende kwa Waingereza. Boma hilo likapewa jina la gavana, likakabidhiwa kwa yule msafiri maarufu La Salle, aliyeligeuza kwa mawe. Likaachwa mwaka 1689 kwa ajili ya vita, likajengwa upya mwaka 1695. Na mwezi wa Agosti mwaka 1758 likatekwa na Kanali Bradstreet wa Waingereza, aliyeteremka na jeshi la askari wapatao 3,000 juu ya walinzi ambao hawakuzidi sana mia moja. Misingi ya boma lile imefukuliwa na wataalamu wa mambo ya kale, nami niliiona karibu na njia ya magari, mistari michache ya mawe juu ya majani.

Mwaka 1783, Waingereza waliposhindwa katika vita vya uhuru wa Marekani, wakawa na maelfu ya watu waliosimama upande wa Mfalme George na ambao hawakuweza tena kukaa katika makazi yao ya zamani, Kapteni William Crawford alitumwa kununua ardhi ya ukingo huu kwa Wamississauga, kabila la Waanishinaabe. Bei ilikuwa nguo, bunduki, baruti, kofia na kitambaa chekundu. Na hati yenyewe ya mauzo haikuhifadhiwa. Nimelifikiri sana jambo hili wakati nikitembea katika barabara zake zilizonyooka: kwamba mji ulioweka mawe yasiyoweza kuchakaa ulisimama juu ya mkataba ambao karatasi yake haipo. Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki, tulioshuhudia mikataba ya namna hiyo ikitiwa alama ya msalaba na watu wasiojua kilichoandikwa, hatuhitaji kufafanuliwa maana yake.

Miongoni mwa wakimbizi wale wa mfalme alikuwapo mwanamke mmoja ambaye ningependa ajulikane zaidi kuliko anavyojulikana. Aliitwa Molly Brant, Mmohawk, mjane wa Sir William Johnson aliyekuwa mwakilishi wa Waingereza kwa mataifa ya wenyeji, na dada wa jemadari Joseph Brant. Neno lake lilikuwa na uzito mbele ya wakuu wa kaumu yake kuliko maneno ya makanali wengi, na ni yeye aliyewashika wengi wao wasimwache mfalme katika miaka ya vita. Wala Waingereza hawakulificha deni hilo, wakamjengea nyumba katika mji huu na kumpa malipo ya uzeeni ya pauni 100 kwa mwaka, ambayo kwa zama zile yalikuwa mengi. Alifariki mwaka 1796, akazikwa katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Paulo. Pamoja na wakimbizi hao, haifai kusahauliwa, walikuja pia watumwa wa asili ya Afrika, walioletwa na mabwana zao kama mali, na utumwa wao haukufutwa kabisa mpaka mwaka 1834.

Sasa nafikia sehemu ambayo mimi naiona kuwa ndiyo roho ya tarikhi ya Kingston, nayo ni hofu. Ng'ambo ya maji haya ni Marekani. Vita vilipozuka mwaka 1812 baina ya Marekani na Uingereza, kila upande ulitambua kwamba mwenye kutawala Ziwa Ontario ndiye atakayelisha majeshi yake na kuyanyima chakula ya mwenziwe, na kwa hiyo vikawa si vita vya kupigana tu bali vya kujenga: Wamarekani wakiunda manowari upande wa kusini, bandarini Sackets Harbor, na Waingereza wakiunda upande wa kaskazini, kwenye rasi iitwayo Point Frederick, mkabala wa mji huu. Mashindano hayo yalifika kilele mwezi wa Septemba mwaka 1814, ilipoteremshwa majini merikebu HMS St Lawrence, yenye mizinga 112, mingi kuliko iliyokuwamo katika Victory, merikebu mashuhuri ya Nelson, amiri wa Waingereza. Nayo iliundwa katika muda usiotimia mwaka, kwa mbao za msituni, huku minyororo, mizinga na kamba vikiletwa kutoka Uingereza na kupandishwa kwa mashua katika maporomoko ya St. Lawrence kwa gharama isiyosemeka. Merikebu ile haikuhitaji hata matangi ya maji ya kunywa, kwa kuwa mabaharia waliteka maji matamu ubavuni mwake. Wala haikuweza kamwe kwenda baharini. Ilipotoka bandarini mwezi wa Oktoba, manowari za Marekani zilijitenga nayo zikarudi nyumbani kwao, na mwezi wa Desemba amani ikatiwa sahihi mjini Ghent. Haikupiga mzinga hata mmoja kwa adui. Mwaka 1832 iliuzwa kwa pauni 25, na mabaki yake hadi leo yamelala chini ya maji, karibu na ufuko wa mji.

Hofu haikuisha kwa amani hiyo. Serikali ya London, ikihesabu kwamba Mto St. Lawrence unapita mpakani na unaweza kufungwa na adui wakati wowote, iliazimia kuchimba njia nyingine ya maji ndani ya bara, na Kanali John By akapewa kazi ya kuunganisha Kingston na Mto Ottawa kwa mfereji wa urefu wa kilomita 202, wenye malango ya kuinulia na kushushia vyombo. Kazi ilianza mwaka 1826, ikakamilika mwaka 1832. Nilikwenda kuyatazama malango ya mwisho, mahali paitwapo Kingston Mills, ambako vyombo hushushwa kwa daraja nne mpaka usawa wa ziwa. Na mashine zake bado huzungushwa kwa mikono, kama zilivyozungushwa siku ile ya kwanza. Watu wapatao 1,000 walikufa katika kazi ile, Waairishi na Wafaransa wa Kanada wengi wao; na adui aliyewaua zaidi, jambo lililonishitua mimi nitokaye katika nchi za mbu, alikuwa malaria, iliyokuwa imestawi katika vinamasi vya kusini mwa Ontario, kwenye nchi ambayo theluji yake humfika mtu magotini. Kanali By mwenyewe aliitwa London ajibu habari za gharama, akafa mwaka 1836 pasipo kupewa heshima aliyoistahili. Mfereji haukupitisha jeshi lolote la vita. Hupitisha mashua za watu wa mapumziko, na mwaka 2007 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Juu ya kilima, upande wa mashariki ya bandari, imekaa Fort Henry, iliyojengwa upya kati ya mwaka 1832 na 1837 ili kuilinda karakana ya manowari na mdomo wa mfereji. Ukiitazama kutoka mjini huoni ila mstari wa mawe uliolala juu ya majani, kwa kuwa mhandisi aliizika ngome yake ardhini ili mizinga ya adui isipate shabaha. Lakini ukiingia ndani unakuta uwanja mpana, vyumba vya askari vyenye dari za tao, na handaki kavu ambalo mtu akianguka ndani yake hatoki ila kwa msaada. Pamoja nayo, katika miaka ya 1840, ilisimamishwa minara ya mviringo ya kulinda maji, mmojawapo ukiwa ndani ya bandari yenyewe, mbele kabisa ya ukumbi wa mji. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vyote kilichoshambuliwa. Ngome ilifungia wafungwa wa vita na wahamiaji waliodhaniwa kuwa maadui, kisha mwaka 1938 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na vijana wa chuo huvaa sare za askari wa karne ya 19 wakacheza gwaride mbele ya wageni.

Nilikaa juu ya ukuta wa ngome muda mrefu, upepo wa ziwa ukivuma, nikiwaza juu ya fedha na roho zilizotumika kwa ajili ya vita ambavyo havikuja. Wako watakaosema kwamba ni upotevu mtupu. Rai yangu ni nyingine: vita havikuja kwa sababu mbalimbali, na huenda ngome ilikuwa mojawapo, lakini hata kama haikuwa, ni heri taifa lililobakiwa na ngome isiyokuwa na kovu kuliko taifa lililobakiwa na makovu yasiyokuwa na ngome.

Baada ya hofu yakaja matumaini. Mwaka 1841 Gavana Lord Sydenham, alipoziunganisha Kanada mbili, aliuchagua mji huu kuwa makao makuu, na kwa kuwa hapakuwa na jengo la kulitosha bunge, wabunge wakakutana mwezi wa Juni katika hospitali mpya ya mji, iliyokuwa imejengwa lakini haijaanza bado kuwapokea wagonjwa wake wa kawaida. Naam, bunge la kwanza la Kanada iliyoungana lilifanya shauri zake katika wodi. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Sydenham alianguka na farasi wake, akafariki kwa jeraha, na kaburi lake limo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu George. Wenyeji hata hivyo waliamini kwamba ukuu umekuja kukaa. Walimwita msanifu George Browne, mzaliwa wa Ireland, awajengee ukumbi wa mji ulio na hadhi ya makao makuu, nao ukasimamishwa katika mwaka 1843 na 1844, mkubwa kupita kiasi cha mji, na nguzo zake na kuba lake likiyaelekea maji ili msafiri ajaye kwa chombo alione kabla ya kuona kitu kingine chochote. Jengo lilipomalizika, serikali ilikuwa imekwisha hamia Montreal. Wabunge Wafaransa hawakuridhika na mji wa Waingereza watupu, nyumba za kukaa zilikuwa haba, na mpaka wa Marekani ulikuwa karibu mno.

Mji mwingine ungeliuza jengo lile ama kuliacha lianguke. Kingston ulipangisha vyumba vyake kwa wenye maduka, kwa benki, kwa vyama, kwa waumini wasiokuwa na kanisa, ukalipa madeni yake polepole, ukalihifadhi. Leo baraza la mji hukutana humo, na nyuma yake soko, lililoanzishwa mwaka 1801, bado huuza maboga, asali, sharubati ya mti ule ambao jani lake limo katika bendera ya nchi, na tufaha za mashamba ya jirani. Na baridi ikishika, sehemu ya uwanja ule hugandishwa maji, watoto wakateleza juu yake kwa viatu vya vyuma. Na kwa kuwa biashara kubwa ilifuata serikali Montreal, kisha Toronto, hapakupatikana fedha za kubomoa na kujenga ghorofa, na hiyo ndiyo sababu mawe yale ya miaka ya 1840 yamo mahali pake. Kupoteza ukuu ndiko kulikouokoa uzuri wa mji huu. Na laiti wenye miji yetu ya kale ya pwani, ambao wana haraka ya kubomoa kila ukuta uliozeeka kwa kuwa umezeeka, wangelikwenda kutazama.

Mawe hayo hayo, hata hivyo, yalijenga pia kitu cha kutisha. Mwaka 1835 lilifunguliwa gereza kuu kwenye ufuko wa magharibi ya mji, na wafungwa wenyewe ndio waliovunja na kuchonga mawe ya kuta zao. Sharti la gereza lilikuwa kimya: mfungwa asizungumze, asiashirie, asimtazame mwenziwe. Mwandishi Charles Dickens alipopita mwaka 1842 alilisifu gereza hilo na kuuona mji kuwa fukara. Lakini miaka michache baadaye tume ambayo katibu wake alikuwa George Brown ilifichua kwamba watoto wadogo, hata wa miaka 8, walikuwa wakichapwa viboko kwa kosa la kucheka na kunong'ona. Mwaka 1971 wafungwa waliasi kwa siku nne, na damu ikamwagika. Gereza lilifungwa mwaka 2013, na sasa watalii huongozwa ndani yake. Mimi niliingia, nikapita mbele ya vyumba ambavyo mtu akinyosha mikono huzigusa kuta mbili kwa pamoja, na sikutamani kurudi.

Karibu na hospitali ile iliyokuwa bunge, mwaka 1847, walizikwa kwa pamoja wahamiaji wapatao 1,400, wengi wao Waairishi waliokimbia njaa ya nchi yao, wakafika hapa na homa ya taifasi. Baadhi ya wale waliowauguza walikufa pamoja nao.

Mtoto aliyelelewa katika mji huu akawa mkuu kupita wote ni John A. Macdonald, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1815, akaletwa Kingston akiwa na miaka mitano, akawa wakili hapa, akawa mjumbe wa bunge kwa kura za hapa, na mwaka 1867 Waziri Mkuu wa kwanza wa Kanada. Aliiunganisha nchi kwa reli kutoka bahari moja hata nyingine. Aliwatoza Wachina, waliokuwa wamevunja miamba ili reli ile ipite, kodi ya kichwa mwaka 1885. Na serikali yake ndiyo iliyoasisi mwaka 1883 utaratibu wa shule za bweni za kuwatenga watoto wa wenyeji na wazazi wao na lugha zao, shule ambazo kwa muda wa vizazi kadha zilipitiwa na watoto zaidi ya 150,000, na maelfu yao hawakurudi. Sanamu yake ilisimama katika bustani ya mji tangu mwaka 1895. Mwezi wa Juni mwaka 2021 baraza la mji lilipiga kura, na sanamu ikaondolewa. Niliwauliza watu wa mji juu ya jambo hili, nikakuta maoni yamegawanyika: mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniambia kwamba mji uliomkana baba yake hauna adabu, na mwanamke mmoja wa asili ya Kimohawk akaniambia, kwa upole, kwamba kila siku alipokuwa akimpeleka mjukuu wake bustanini alilazimika kupita chini ya mtu aliyeamuru bibi yake achukuliwe. Nami nasema kwamba mwanamke yule ana haki. Kaburi la Macdonald liko katika makaburi ya Cataraqui, na kila atakaye kumkumbuka ana mahali pa kumkumbukia. Lakini bustani ni ya watoto wote.

Siku nyingine nilipanda kivuko kisichotozwa nauli kiendacho Kisiwa cha Wolfe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa Elfu, ambacho juu yake husimama mitambo 86 ya umeme wa upepo. Nilikuwa nikizungumza kwa simu na jamaa zangu wa Tanga, na nilipomaliza akanijia kijana mmoja, amevaa koti zito, akanisalimu: "Jambo, baba. Unatoka Tanzania?" Nikamjibu, "Naam, mwanangu, kwetu ni Tanga." Alikuwa mwenyeji wa Bukavu, naye alifanya kazi ya usafi katika hospitali ya mji. "Huku sisi wasema Kiswahili ni wachache, baba," akaniambia, "ukikisikia, unakifuata." Nilipomweleza kwamba hospitali yake ilipata kuwa bunge la nchi, alitazama maji kwa muda, kisha akaniuliza kama wabunge wale walikuwa wakilipwa, nami nikacheka kwa furaha, kwa maana swali lile lilikuwa la nyumbani.

Habari niliyoitafuta kwa hamu kuliko zote ilikuwa katika Chuo Kikuu cha Queen's, kilichopewa hati yake na Malkia Viktoria mwaka 1841, mwaka ule ule wa ukuu. Mwaka 1849 alifika chuoni humo kijana mweusi kutoka Jamaika, jina lake Robert Sutherland. Alishinda tuzo 14 za masomo, na mwaka 1852 akatunukiwa shahada yake, akawa mtu wa kwanza wa asili ya Afrika ajulikanaye kuhitimu katika chuo kikuu cha Kanada. Kisha akasomea sheria, akawa wakili mwaka 1855, akafanya kazi katika mji mdogo wa Walkerton, ambako watu wazungu watupu walimchagua kuwa mkuu wa halmashauri yao. Alifariki mwaka 1878, hakuwa na mke wala mtoto, na wasia wake ulipofunguliwa ikaonekana kwamba mali yake yote, dola zaidi ya 12,000, amekiachia chuo chake, kwa kuwa, kama alivyopata kusema, hapo alitendewa daima kama muungwana. Chuo wakati ule kilikuwa taabani, na kulikuwa na hatari ya kumezwa na chuo kikuu cha Toronto. Fedha za mtoto wa Jamaika ndizo zilizokisimamisha.

Na chuo kilimlipa nini? Mwaka 1918 baraza lake la taaluma lilipitisha azimio la kuwazuia wanafunzi weusi wasipokewe katika masomo ya uganga, na wale waliokuwamo wakashauriwa kuondoka. Zuio hilo likatekelezwa mpaka mwaka 1965, na karatasi yake haikufutwa mpaka mwaka 2018, na mwaka uliofuata chuo kikaomba radhi hadharani. Jengo moja la mawe, katika barabara ya Union, limepewa jina la Sutherland tangu mwaka 2009. Nililitafuta, nikaliona, nikasoma jina lake ukutani kwa sauti, na mwanafunzi mmoja aliyepita akasimama akaniuliza ni nani huyo. Nikamweleza yote niliyoyaeleza hapa.

Basi, wewe msomaji wangu, ikiwa mtoto wako au ndugu yako anasoma Kanada, na mara moja akapita kwa garimoshi kati ya Toronto na Montreal, mwambie ateremke Kingston. Aione ngome na ukumbi wa mji kwa wasaa wake, avuke kwenda kisiwani na kurudi. Lakini kwanza aende barabara ya Union, na asikubali kuondoka mjini pasipo kumwambia mtu mmoja wa pale, yeyote yule, Robert Sutherland alikuwa nani.